Mrija Niliouziba

Jumapili, 1 Machi 2009

Daktari wa sukari kanipa amri: niandike kila kinachopita mdomoni mwangu mpaka masika yaishe, kisha nimpelekee daftari alisome. Dalal, mke wangu, kacheka mpaka kakaa chini. "Moja halitoshi, Khelef. Nunua na la akiba."

Asubuhi: mkate wa ajemi mmoja, chai bila sukari. Mchana: wali, mchuzi wa papa. Jioni: hakuna. (Mkate wa ajemi wa pili, na asali kidogo. Daktari, hapo ruka.)

Jumatano, 4 Machi

Leo gerejini kwangu Mlandege, hapa mjini, limekuja lori la wanawake wa Jambiani. Naweza kusema ni lori langu pia, maana mimi ndiye niliyekwenda nao bandarini kulichagua. Wako ishirini na wawili, wakulima wa mwani, na mkubwa wao ni Bi Mwanakheri, mwanamke mfupi mwenye sauti ndefu. Walichoka kumuuzia wakala anayewapangia bei pale pale ufukweni. Wakachanga miaka minne wapate gari yao ya mzigo, waulete mwani mjini wenyewe. Pale bandarini nilibandika sikio kwenye injini, nikafumba macho, nikatikisa kichwa kama msomi, nikasema: "Lichukueni hili." Wakalichukua. Neno langu tu, basi.

Nimelifanyia sevisi. Nimetia filta mpya, kisha nikapiga pampu ya mkono mpaka hewa yote ikatoka kwenye mirija na dizeli ikaja safi bila povu. Ndiyo kazi yangu tangu mwaka themanini na mbili: pampu za dizeli na nozeli. Breki, gia, taa, hayo yana wenyewe. Mimi nashughulika na safari ya mafuta kutoka tangini mpaka motoni.

Kuna kitu kimenichekesha. Mrija mmoja mwembamba unachepuka kwenye pampu na kwenda zake nyuma mpaka kwenye ekzosi. Dizeli, ndani ya bomba la moshi! Nikamwita dereva aje aone. Dereva wao ni Simai, mkwe wa Bi Mwanakheri, kamuoa binti yake Nadhira. Mtu wa makamo ya thelathini na kitu, mtaratibu, anayesema maneno matano kwa siku.

"Hebu nambie, Simai. Moshi nao unakula?"

"Wajapani hawaweki kitu bure, Fundi."

Matano yake ya leo yakaishia hapo. Nikamwambia Wajapani nao wana mafundi wao wa hovyo, kama sisi. Nikaufungua mrija, nikauziba kwa boliti, nikaikaza. Kisha nikampigia simu Bi Mwanakheri kumpa habari njema kwamba nimeokoa mafuta yake yaliyokuwa yakimwagwa kwenye moshi. Kaniombea dua mpaka salio lake likakatika.

Nimekula: sambusa. Idadi sikuiangalia.

Alhamisi, 5 Machi

Mvua ya kwanza. Chapati.

Ijumaa, 13 Machi

Bamvua limepita vizuri, maji yalitoka mbali na wanawake wamevuna sana. Lori limefanya safari mbili mjini bila kukohoa. Nimepita mbele ya gereji ya jirani yangu mara tatu bila sababu, ili anione.

Maharage ya nazi. Daktari hakukataza nazi. Sikumuuliza.

Jumamosi, 21 Machi

Simai kaja. Kwenye dashibodi kuna taa ya rangi ya machungwa, ina maandishi ya Kijapani, inawaka na kuzima. Na lori limekuwa zito. Nikamwambia taa za Kijapani ni kama mashangazi, zinalalamika bila kuumwa. Nikafungua mirija, nikatoa hewa, nikapiga pampu ya mkono. Likaenda.

Ijumaa, 27 Machi

Limerudi. Hewa. Nimebadilisha mipira yote ya mirija.

Jumatatu, 30 Machi

Limerudi. Kisiwa chetu hakina mlima, lakini lori hili limejitafutia wake: kila panapoinuka kidogo, linapanda kama mtu mwenye magunia mgongoni, kisha linasimama. Simai kaniuliza kwa upole kama ule mrija wa nyuma hauna neno. Nikamuuliza naye amesomea wapi pampu.

Mvua haiachi. Nimezunguka gereji kutwa nzima nikitafuta spana niliyokuwa nimeishika.

Jumamosi, 11 Aprili

Saa nne asubuhi simu ililia: lori limekufa Tunguu, njiani kuja mjini, lina magunia sabini ya mwani mkavu, na mvua inakuja. Nikaazima pikipiki. Nilipofika, mvua nayo imefika. Kabini imeinuliwa, Simai yuko chini yake kalowa chapachapa. Juu ya mzigo wamekaa Bi Mwanakheri na wenzake wanne, wameshika pembe za turubali, na upepo unawanyang'anya. Barabarani ng'ambo, watu wamejibanza kwenye baraza ya duka, pamoja na muuza mkate na baiskeli yake, wakitazama, maana hakuna sinema siku ya mvua.

Nilipiga ile pampu ya mkono mpaka kidole gumba kikatoka lengelenge. Mafuta yalikuja safi. Injini ikawaka, ikanguruma kidogo, ikafa.

"Fundi," akaita Bi Mwanakheri kutoka juu, "mara ya kwanza ulisema hewa. Ya pili ukasema hewa. Hewa hiyo inaingilia wapi?"

Swali lilikuwa zuri. Jibu sikuwa nalo. Baraza zima limenyamaza likinisubiri, mimi mtu wa miaka hamsini na tatu mwenye kibao mlangoni kilichoandikwa BINGWA WA PAMPU kwa rangi mbili. Nikalegeza filta, nikachovya kidole, nikanusa.

"Hapa pana mafuta ya taa," nikasema.

Wallahi nilisema ili kile kimya kiishe tu. Bi Mwanakheri akaachia turubali, akashuka.

"Nani anayetia mafuta gari hili?"

Wote wakamtazama Simai.

"Natia dizeli, Mama. Kituo kile kile siku zote."

"Na ya taa yameingia kwa miguu yao?"

Mtu mmoja barazani akadakia kwa sauti: "Dizeli anauza, bibi! Pengo anajazia ya taa! Hebu mwangalie uso!" Watu wakacheka.

Simai hakumtazama yule mtu wala mama mkwe wake. Kanitazama mimi. "Fundi, una hakika?"

Hapo palikuwa pahala pa kusema sina.

"Pua yangu ina miaka ishirini na saba kazini," nikasema.

Magunia arubaini yalilowa. Mwani mkavu ukilowa hugeuka utelezi, haununuliwi na mtu. Lori lilivutwa mpaka mjini kwa kamba.

Nyumbani nilimhadithia Dalal. Kanisikiliza mpaka mwisho, huku akikata kitunguu.

"Pua gani iliyonusa?"

"Yangu."

"Hii yenye mafua tangu Jumatatu? Jana nimeunguza dagaa nyumba nzima ikatoka nje, wewe umekaa unasoma gazeti."

Jumatatu, 13 Aprili

Simai kanyang'anywa ufunguo wa lori. Nadhira kachukua nguo zake, karudi kwa mama yake.

Alhamisi, 16 Aprili

Sijaandika chakula. Chakula kipo, nakila nimesimama.

Mafua yamepona. Nimenusa ile dizeli niliyobakisha kwenye chupa. Nimenusa asubuhi, nimenusa mchana, nimempa Dalal anuse. Dizeli.

Lakini huenda ile ya taa ilikuwa chini ya tangi. Huenda.

Jumapili, 26 Aprili

Bamvua jingine. Dereva mpya anaitwa Borafya, anaongea bila kumeza mate. Safari hii Bi Mwanakheri kasimama mwenyewe kituoni, dizeli ikitiwa mbele ya macho yake, kisha kafunga tangi kwa kufuli na ufunguo kautia kifuani. Kufika Tunguu, lori likafa.

"Sasa huyu naye mwizi?" nikamuuliza Bi Mwanakheri kwenye simu, nikajaribu kucheka.

"Huyu hajapata nafasi ya kuiba. Taka za yule bado zimo ndani. Safisha, Fundi."

Nimefungua pampu yote, nimeitandaza juu ya gazeti. Haina kitu. Naapa nilikuwa nikiomba nikute kitu.

Jumatano, 29 Aprili

Mvua. Nimekwenda gerejini, nimerudi, nimekwenda tena. Dalal kasema nichague upande mmoja, kizingiti kimeanza kulika.

Simai anavunja mawe kwenye machimbo nyuma ya Jambiani. Kaniambia Borafya, bila kuulizwa.

Jumapili, 3 Mei

Kaja binamu yangu Azzan kutoka Uingereza, anaendesha basi huko mwaka wa kumi na moja. Kaniletea soksi. Kila akija ananiletea soksi, kana kwamba huku kuna baridi.

Tulikula biriani. Daktari, biriani kamili, na firigisi.

Jumatatu, 4 Mei

Nimemchukua Azzan gerejini anione kazini. Lori la mwani lipo hapo hapo, limekaa kama mgeni asiyeaga. Kabla sijamaliza kueleza, kaingia chini yake kwa suruali yake safi.

"Yakhe, huku nyuma nani kaziba?"

"Mimi. Lilikuwa linapeleka dizeli kwenye moshi. Hebu fikiria wazimu huo."

Akatoka, kakaa juu ya tairi, akajifuta mikono polepole. Mtu akijifuta hivyo, habari si nzuri.

"Ndani ya ekzosi mna chujio la masizi," akasema. "Masizi yakijaa, gari linapeleka dizeli kidogo kule nyuma, linapata moto mkali, linayachoma. Basi langu linafanya hivyo. Taa ya machungwa inawaka, naegesha, nabonyeza kitufe, nakunywa chai yangu dakika ishirini injini ikinguruma, kwisha. Wewe umelinyima mafuta ya kuchomea. Miezi miwili linameza masizi yake. Linapumulia wapi?"

"Na taa ile..."

"Ilikuwa inaomba, bwana."

Nikamuuliza kama mafuta ya taa yangeweza kuleta mambo haya. Kacheka. "Mafuta ya taa gani?"

Sikumwambia. Nikasema nina miadi, nikatembea mpaka Darajani, nikanunua malimau ambayo sikuyahitaji, nikarudi.

Jumanne, 5 Mei

Tumelifungua lile chujio tukalipuliza kwa upepo wa kompresa. Kosa langu la pili kwa gari hili: tulisimama upande usiofaa. Azzan kawa mweusi mpaka meno, mimi sitaji. Kisha nikaitoa ile boliti yangu, nikarudisha mrija, nikapiga pampu ya mkono mpaka hewa ikaisha. Kitufe kipo kushoto kwa usukani, kina picha ya bomba na moshi; nimekaa nacho miezi miwili nikidhani ni cha feni. Azzan kakibonyeza.

Injini ikapanda yenyewe. Nyuma ukatoka moshi mweupe, harufu kama ya jiko lililosahauliwa, bomba likawa la moto huwezi kulisogelea. Muuza mitumba wa jirani akaja mbio na ndoo ya maji. Nikamkumbatia katikati asimwage. Baada ya dakika ishirini na tatu taa ikazimika. Moshi ukawa hauonekani kabisa.

Sasa Azzan anajua yote, mpaka ya Tunguu. Nimemwambia huku tukinawa.

"Kesho kutwa nnarudi zangu," akasema. "Mimi sina wa kumwambia. Gari limepona. Ukinyamaza, limepona kwa mkono wako."

Alisema hivyo bila kunitazama. Nimempenda na nimemchukia.

Jumapili, 10 Mei

Lori limetoka Jambiani mpaka mjini na magunia tisini, moja kwa moja. Borafya kapiga honi Mlandege nzima. Bi Mwanakheri kashuka na pweza wawili wakubwa.

"Fundi, Mungu akuweke. Umelisafisha. Sasa hata wale waliokuwa wakimtetea Simai wamenyamaza. Limesafishwa taka zake, limepona. Alhamisi tunakwenda kwa kadhi, mwanangu apate talaka yake akae kwa amani."

Nilikuwa na maneno mdomoni. Nikampokea pweza.

Nilidhani kulitengeneza gari kimyakimya kutaniokoa mimi na hakutamuumiza mtu. Kumbe kila linavyokwenda vizuri, Simai anazidi kuwa mwizi.

Dalal kampika pweza kwa nazi. "Kula," akasema. "Mbona huli? Ndiyo ujira wa kusafisha." Yeye naye anajua. Simjui mtu mwengine anayeweza kukukaripia kwa kijiko.

Nimemla.

Jumanne, 12 Mei

Leo nimekwenda Jambiani.

Wanawake walikuwa nyuma ya ghala lao, wanashona magunia. Nilitoa salamu, nikapewa kiti, nikakataa kiti. Nilikuwa nimepanga maneno tangu Mlandege, mazuri, yana mwanzo na katikati. Yakapotea yote.

"Mafuta ya taa hayakuwepo," nikasema. "Sikunusa kitu. Nilikuwa na mafua. Gari nililiua mimi, tarehe nne Machi, kwa kuziba mrija nisioujua. Simai aliniuliza, nikamfyolea. Hakuiba hata tone."

Sindano zikasimama. Bi Mwanakheri alikata uzi kwa meno kwanza.

"Ulijua lini?"

"Jumatatu ya wiki iliyopita."

"Jumapili nimekupa pweza."

"Naam."

"Umemla?"

"Nimemla."

"Wote wawili?"

"Wote wawili, Bi."

"Basi." Akainama tena kwenye gunia lake. Ningetukanwa ningepumua. Baadaye akasema bila kuinua uso, na sauti yake safari hii ilikuwa fupi: "Na mimi nilimnyang'anya ufunguo mbele ya watoto wake."

Nadhira alikuwa mwisho wa mkeka. Akasimama, akajifunga kanga. "Mimi nilimuuliza mara moja tu kama kweli," akasema. "Hakunijibu, nikachukulia ndiyo." Akatangulia njia ya machimboni, mimi nyuma yake kama mzigo.

Simai alikuwa kakaa chini ya kibanda cha makuti, anavunja kokoto. Nikamwambia yote, kuanzia boliti mpaka pweza. Hakuacha kupiga nyundo mpaka nilipomaliza.

"Ulisema Tunguu," akasema.

"Naam."

"Mbele ya watu."

"Naam."

"Na hapa nani kakusikia? Kuku?"

Nadhira akasema, "Simai, twende nyumbani." Akamjibu kwa upole, lakini akinitazama mimi: "Ukirudi sasa, unarudi kwa mwizi. Kule Tunguu nikipita bado wanaziba matangi yao na kucheka. Kwanza hilo."

Kwa kadhi hawaendi. Lakini nyumba ya Simai bado ina mtu mmoja.

Jumatano, 13 Mei mpaka Ijumaa, 22 Mei

Mvua, barabara imejaa maji. Simai karudishiwa ufunguo. Mimi nimekibandua kile kibao mlangoni, Dalal kakirudisha. Kasema aibu nisiitie rangi, nikaiseme ilipo, Tunguu.

Jumapili, 24 Mei

Simai kanipitia Mlandege asubuhi, lori tupu, anarudi Jambiani baada ya kushusha mwani. Nadhira yuko ndani dirishani. Nimekaa katikati yao, mtu mnene kati ya mume na mke wasiosemezana. Sijawahi kuona safari ndefu kama ile ndani ya kisiwa kifupi.

Kabla hatujafika Tunguu taa ya machungwa ikawaka. Simai akaegesha mbele ya lile duka, akabonyeza kitufe. Injini ikapanda, moshi mweupe ukatanda, barazani wakainuka.

"Limekufa tena!" akaita mmoja. "Mpeni ya taa!"

Nadhira akashuka kunipisha, nami nikashuka. Nikasema. Kwa sababu ya injini hawakusikia, mmoja akaweka mkono sikioni: "Nini?" Nikasema tena kwa kelele, katikati ya barabara, kwamba mimi Khelef wa Mlandege nilidanganya, mafuta ya taa hayakuwepo, dereva huyu hakuiba, mjinga nilikuwa mimi. Mwenye duka akatoka akauliza imekuwaje. Nikamweleza. Mzee aliyekuwa akinyolewa akaja na povu shavuni, akataka nianze mwanzo. Nikaanza mwanzo. Mwanamke mwenye ndoo akaniuliza, "Sasa ulisema kwa nini?" Hilo ndilo lililonichukua muda, na jibu lilikuwa fupi: niliona aibu kusema sijui. Wengine walicheka, na safari hii walijua wanamcheka nani. Yule aliyepiga kelele siku ile alikwenda mwenyewe mpaka dirishani, akampa Simai mkono.

Nadhira, aliyekuwa bado kasimama mlangoni, akapanda, akakaa katikati, pale nilipokuwa nimekaa mimi, karibu na mumewe.

Taa ikazimika. Injini ikashuka, moshi ukaisha. Nikapanda, nikafunga mlango, nikafuta uso kwa kofia. Simai hakutia gia. Alikuwa akitazama barabara kwa nyuma kwenye kioo, mikono imetulia juu ya usukani.

"Siku ile muuza mkate alikuwepo," akasema. "Bado hajapita. Tumsubiri."